Siri ya Mtungi: Historia ya Funguo za Usanidi Zisizoandikwa katika LabVIEW, 1986–2017

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya funguo za usanidi ambazo hazikuandikwa katika vitabu vya LabVIEW, mazingira ya kuprogramu kwa michoro yaliyotolewa mwaka 1986 na kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas. Yanafuatilia jinsi funguo hizo zilivyozaliwa, mbinu ambazo watumiaji walizitumia kuzigundua, na namna baadhi yake zilivyovuka mpaka na kuingia katika bidhaa rasmi huku nyingine zikibaki nje. Hoja inayotolewa ni kwamba kilichofichwa hakikuwa maarifa hasa, bali ahadi. Kampuni ilipoacha kuuandika ufunguo, ilikuwa imekataa kuwajibika kwa ufunguo huo kesho. Na aliyeugundua alipata uwezo pasipo dhamana.

Utangulizi

Historia ya programu za kompyuta huandikwa kwa kawaida kutokana na matangazo ya kampuni, vitabu vya mwongozo na kumbukumbu za waanzilishi. Vyanzo hivyo vina manufaa, lakini vyote hutoka upande mmoja wa kaunta. Waswahili husema siri ya mtungi muulize kata. Katika suala linalojadiliwa hapa, kata ni mtumiaji: mhandisi au mtafiti anayechota kutoka katika programu kila siku na ambaye, kwa kuchota huko, hufikia kina ambacho muuzaji hakukionyesha.

National Instruments ilianzishwa mwaka 1976 na James Truchard, Jeff Kodosky na William Nowlin. Kwa miaka kumi ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kuunganisha vyombo vya kupimia na kompyuta. LabVIEW, ambayo Kodosky anatambuliwa kuwa baba yake, ilitolewa mwaka 1986 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh peke yake, kwa kuwa wakati ule ndizo zilizokuwa na skrini na kipanya vilivyoweza kubeba wazo lake. Toleo la pili la mwaka 1990 lilikuja na kompaila, na mwaka 1992 programu ikahamia kwenye Windows na mashine za Sun. Mtumiaji wa LabVIEW haandiki mistari ya msimbo. Huchora. Huchukua visanduku kutoka katika ubao wa zana, huvipanga, kisha huviunganisha kwa nyaya. Data hutiririka katika nyaya hizo, na kila kisanduku hufanya kazi pindi data zake zote zinapofika. Kila programu ina pande mbili: paneli ya mbele yenye vitufe na mita, na mchoro wa nyuma wenye mantiki. Kwa istilahi za wanazuoni wa mwambao, paneli ni dhahiri na mchoro ni batini.

Nyuma ya mchoro huo kulikuwa na batini nyingine, na umuhimu wake unatokana na umbo la lugha yenyewe. Katika lugha ya maandishi kama C, mtu akijua jina la kazi iliyofichwa anaweza kuliandika na kuiita, hata kama halimo katika kitabu chochote. Katika lugha ya michoro jina halitoshi. Kisichokuwamo katika ubao wa zana wala katika menyu hakina pa kushikwa. Mkono wa mchoraji haukipati. Kwa hiyo mpaka kati ya kilichotangazwa na kilichofichwa ulikuwa mgumu zaidi kwa mtumiaji wa LabVIEW kuliko kwa mwenzake wa C. Mlango mmoja ambao neno lililoandikwa kwa herufi lingeweza kupitia na kuugeuza ulimwengu huu wa picha ulikuwa faili la usanidi.

Faili dogo kando ya programu kubwa

Kwenye Windows faili hilo huitwa labview.ini, nalo hukaa katika folda ileile ya programu kuu. Ni maandishi matupu: mstari wa kwanza una neno LabVIEW ndani ya mabano ya mraba, na kila mstari unaofuata una jina, alama ya sawasawa na thamani. Umbo hili ni urithi wa Windows ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambamo mafaili ya WIN.INI na SYSTEM.INI yalibeba mipangilio ya mfumo mzima. Tangu Windows 95, Microsoft iliwahimiza watengenezaji wa programu kuhamishia mipangilio yao kwenye rejista. LabVIEW haikuhama. Sababu inayoelekea kuwa kubwa ni kwamba ilihitaji kufanya kazi kwa namna moja katika mifumo endeshi kadhaa, na faili la maandishi halina uraia. Masalia ya aina hii ni mengi katika LabVIEW. Faili la programu iliyochorwa kwenye Windows hadi leo huanza na herufi RSRC, kumbukumbu ya namna Macintosh ya miaka ya 1980 ilivyogawa mafaili yake.

Mistari ya labview.ini haikuwa ya aina moja. Mingi iliandikwa na programu yenyewe kila mtumiaji alipobadilisha jambo katika dirisha la mipangilio; kwa mfano server.tcp.port, ambayo hubeba namba ya mlango wa mtandao na ambayo kwa kawaida ni 3363. Mingine haikuwamo katika dirisha lolote, lakini kampuni iliieleza kwa wateja waliouliza. Ufunguo allowmultipleinstances, unaoruhusu nakala mbili za programu moja kufanya kazi kwa wakati mmoja, ni wa kundi hilo. Halafu kulikuwa na ile ambayo haikuandikwa popote.

Kuwapo kwa kundi hili la mwisho hakuhitaji nadharia ya njama. Watengenezaji wa programu kubwa huingiza ndani yake kipengele ambacho hakijakomaa na kukizima kwa swichi ili waweze kukijaribu bila kumsumbua mteja. Wahandisi wa kutafuta hitilafu nao huhitaji madirisha ya kutazama kumbukumbu ya mashine kutoka ndani. Ufunguo LVdebugKeys, kwa mfano, ulifungua mchanganyiko wa vitufe uliomwonyesha mtumiaji vitu vyote ambavyo LabVIEW ilikuwa imevihifadhi katika kumbukumbu wakati huo. Chombo kama hicho ni cha fundi wa ndani ya karakana. Mteja aliyekishika hakukuwa na mtu wa kumweleza alichokuwa anakiona.

Lakini majina ya baadhi ya funguo yanasema zaidi ya kazi zake. Ufunguo mashuhuri kuliko zote uliitwa SuperSecretPrivateSpecialStuff, yaani, kwa tafsiri ya karibu, mambo ya pekee ya faragha ya siri kuu mno. Ulipowekwa thamani ya kweli, menyu za sifa na amri za vitu vya LabVIEW zilirefuka na kuonyesha zile za ndani, zikiwa na rangi tofauti na za kawaida. Mtu anayetaka kuficha kitu hakiiti siri mara tatu katika jina moja. Jina hili ni mzaha wa watu wa ndani, na mzaha huo unadokeza kwamba waliolitunga hawakuamini kwamba lingebaki ndani. Ni bango zaidi kuliko kufuli.

Kuusoma ukimya

Watumiaji waliligunduaje? Mbinu ya kwanza ilikuwa nyepesi kiasi cha kushangaza. Ili programu iutafute ufunguo katika faili, sharti iwe na jina la ufunguo huo ndani yake, na mara nyingi jina hilo huhifadhiwa likiwa herufi za kawaida katikati ya mamilioni ya baiti za lugha ya mashine. Mifumo ya jamii ya Unix ina zana ya siku nyingi iitwayo strings, ambayo hupita katika faili lolote na kutoa kila mfululizo wa herufi zinazosomeka. Mtumiaji aliyeielekeza zana hiyo kwenye programu kuu ya LabVIEW alipata orodha ndefu ya maneno: ujumbe wa makosa, majina ya fonti, vipande vya menyu, na katikati yake majina yaliyofanana kwa umbo na yale yaliyokwisha kuonekana katika labview.ini. Hapo kazi ya kuchambua ilianza.

Mbinu ya pili ilitokana na kiburi cha haki cha watengenezaji. LabVIEW ilitosha kujijenga: sehemu kadhaa za dirisha na zana zilizouzwa pamoja nayo zilichorwa kwa LabVIEW yenyewe. Baadhi ya michoro hiyo haikufungwa. Mtumiaji aliyeifungua aliona visanduku ambavyo ubao wake wa zana haukuwa navyo. Hakuweza kuviunda, lakini aliweza kuvinakili. Ugunduzi wa namna hii uliuma kidogo, kwa sababu ulithibitisha kwamba lugha iliyouzwa kwa mteja ilikuwa fupi kuliko lugha iliyotumiwa na muuzaji. Malalamiko ya jinsi hiyo yalikwisha kusikika kuhusu Microsoft; Andrew Schulman na wenzake walichapisha Undocumented DOS mwaka 1990 na Undocumented Windows mwaka 1992, na mjadala walioukoleza ulihusu ushindani wa haki kati ya mwenye mfumo na waandishi wengine wa programu. Katika LabVIEW ushindani ulikuwa mdogo. Manung'uniko yalikuwa ya fundi aliyeona patasi bora mikononi mwa aliyemuuzia patasi.

Ugumu mkubwa haukuwa kuyapata majina. Ulikuwa kujua yanafanya nini. Hapa mgunduzi wa funguo alikutana na tatizo ambalo mwanahistoria yeyote analijua, la kutoa hoja kutokana na ukimya. LabVIEW haimlaumu mtu anapoandika ufunguo usiokuwapo, huupita tu. Mtu aliyeongeza mstari, akaifungua programu upya na asione mabadiliko, alikuwa na maelezo kadhaa mbele yake, yote yakiwezekana. Huenda amekosea herufi moja. Huenda thamani inayotakiwa ni namba na yeye ameandika neno. Huenda ufunguo unafanya kazi mahali ambapo hajafika, labda katika menyu ya kitu ambacho hajakichora. Huenda ni jina lililokufa, mabaki ya kipengele kilichoondolewa matoleo matatu yaliyopita na ambacho hakuna aliyekumbuka kufuta jina lake. Na huenda neno hilo halikuwa ufunguo tangu mwanzo.

Hata mabadiliko yalipoonekana, uthibitisho haukuwa kamili, kwa kuwa jina lenye neno la kuonyesha au kuficha hueleza nia ya aliyeliita na si lazima lieleze athari zote. Wagunduzi waangalifu walibadilisha ufunguo mmoja kwa wakati mmoja, wakaweka nakala ya faili la awali kando, na wakasema waziwazi ni katika toleo lipi jambo lilionekana. Orodha zilizokusanywa kwa uangalifu huo zina thamani ya chanzo cha kihistoria. Zile zilizonakiliwa kutoka kwa mtu hadi mtu bila namba ya toleo hazina tofauti na masimulizi ambayo hayana msimulizi wa kwanza, na zimewapotezea wengi siku nzima za kazi.

Suala la sheria halikukosekana. Mikataba ya leseni ya programu za kibiashara kwa kawaida hukataza kuifumua programu, huku Maelekezo ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1991 kuhusu programu za kompyuta yakimpa mtumiaji halali haki ya kuitazama, kuichunguza na kuijaribu programu inapofanya kazi ili ajue misingi yake. Kusoma herufi zinazosomeka na kuandika mstari katika faili lako mwenyewe ni mambo yanayokaa karibu zaidi na haki hiyo kuliko na katazo lile.

Ufunguo usiosafiri

Madhara hayakuwa ya sheria. Yalikuwa ya kazi. LabVIEW ni chombo cha upimaji. Hutumiwa katika viwanda, hospitali, vyuo na maabara za utafiti mkubwa. Huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilitumika katika udhibiti wa vizuizi vinavyochuja miale ya mtambo wa LHC. Haisemwi hapa kwamba CERN ilitegemea ufunguo wowote wa siri. Mfano huu unaonyesha tu uzito wa kazi ambazo mazingira haya yamekabidhiwa. Pale kipimo kinapokuwa msingi wa uamuzi, kila kinachokiathiri kinapaswa kujulikana na kuandikwa.

Ufunguo wa labview.ini haukidhi sharti hilo kwa tabia yake. Haumo ndani ya mchoro. Mhandisi anaponakili mradi wake kwenda mashine nyingine, au anapouhifadhi katika hazina ya matoleo, faili la usanidi hubaki lilipo, kando ya programu kuu. Mradi uliofunguliwa kwingine utaonekana uleule, kisanduku kwa kisanduku, na hautafanya yaleyale. Programu iliyokamilishwa na kugawiwa watumiaji hubeba faili la usanidi la kwake, lenye jina lake, na mtu asipoukumbuka ufunguo wakati wa kuijenga, unapotea kimyakimya. Aliyeuweka akihama kazi, anaondoka nao kichwani. Anayebaki anarithi mfumo unaofanya kazi juu ya kompyuta moja tu, kuukuu, ambayo hakuna anayethubutu kuibadilisha na hakuna anayeweza kueleza kwa nini.

Hali hiyo ilikuwa na uzito wa pekee mahali palipokuwa mbali na Austin. Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo cha Nigeria, viliingia katika ushirikiano na MIT wa kujenga maabara za kielektroniki zinazofikiwa kwa mtandao, na zana za National Instruments, LabVIEW ikiwa miongoni mwake, zilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mradi wa aina hii husimama au huanguka kwa kutegemea uwezo wa kundi jipya la wanafunzi kuichukua kazi ya kundi lililohitimu. Mhandisi wa Texas aliyekwama aliweza kukutana na mtengenezaji wa programu kwenye mkutano wa mwaka na kuuliza maana ya ufunguo fulani. Mwanafunzi wa Kampala alikuwa na kitabu. Maarifa yanayotembea kwa midomo hutembea umbali mfupi, na kwa hiyo kutoandika, hata kulipokuwa na sababu njema, hakukumgharimu kila mtumiaji kiasi sawa.

Kampuni nayo ilikuwa na hoja. Kuandika ni kuahidi. Kipengele kikishaingia katika kitabu cha mwongozo, mteja ana haki ya kukikuta katika toleo lijalo kikifanya vilevile, na mtengenezaji hawezi tena kukibadilisha kwa uhuru. Kwa mtazamo huo, ukimya ulikuwa njia ya kuilinda nafasi ya kurekebisha makosa. Tatizo ni kwamba ukimya haukumzuia mteja kukitegemea kipengele. Ulimzuia kujua tu kwamba anakitegemea kwa hatari yake mwenyewe.

Kuvuka mpaka

Kisa kinachoonyesha haya yote kwa pamoja ni cha uwezo ulioitwa VI Scripting, yaani kuandika programu ya LabVIEW inayochora programu nyingine ya LabVIEW. Katika lugha za maandishi jambo hili ni la kawaida, kwani programu yoyote inayoweza kuandika faili la herufi inaweza kuandika msimbo. Katika lugha ya michoro ni jambo zito: sharti kuwe na amri za kuumba kisanduku, kukiweka mahali, na kuvuta waya kutoka ncha hii hadi ile. Amri hizo zilikuwamo ndani ya LabVIEW, maana zana za kampuni zenyewe zilizihitaji, na miaka ya mwanzo ya 2000 watumiaji walikwisha kuzifikia kwa kutumia funguo za siri.

Walichokifanya nazo hakikuwa mchezo. Walijenga zana za kupanga upya michoro iliyovurugika, za kubadilisha mamia ya mafaili kwa pigo moja, za kuzalisha sehemu zinazojirudia ambazo binadamu angezichora kwa wiki. Zana hizo ziligawiwa watu wengine, ambao nao walitakiwa kuongeza mstari uleule katika labview.ini. Hivyo ufunguo ambao haukutambuliwa rasmi ukawa sharti la kazi za watu ambao hawakuugundua. Kufikia hapo swali la kama kampuni ifichue siri lilikuwa limepitwa na wakati. Hakukuwa na siri. Lililobaki lilikuwa kama kampuni itaahidi. Kwanza ilitoa uwezo huo kama nyongeza ya majaribio, kisha katika LabVIEW 2010 ukaingizwa katika bidhaa yenyewe, pamoja na maelezo na kisanduku cha kuteua katika dirisha la mipangilio.

Si kila kilichogunduliwa kilipokelewa. Teknolojia ya ndani iitwayo XNode, inayowezesha kisanduku kubadilisha umbo na mantiki yake kulingana na data inayoingia, ilifumbuliwa na watumiaji kwa subira kubwa na ikatumiwa na wajasiri wachache, lakini kampuni haikuitoa kwa umma. Badala yake, mwaka 2017 LabVIEW ilikuja na aina mpya ya programu ndogo zinazojirekebisha kulingana na aina ya data, ambazo zilitimiza sehemu kubwa ya haja iliyokuwa imewapeleka watu kwenye XNode. Mlango wa zamani ulibaki umefungwa. Ulijengwa mwingine pembeni yake, mwembamba zaidi na wenye dhamana. Kwa mtazamo wa uhandisi uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko ule wa 2010, ingawa ulimwacha mjasiri wa XNode na kazi ambayo toleo lolote lingeweza kuivunja.

Kuhusu VI Scripting, kuna ushahidi mmoja ambao mtafiti anaweza kujionea. Mtumiaji wa leo anayeteua kile kisanduku rasmi katika dirisha la mipangilio, kisha akalifungua labview.ini, atakuta LabVIEW yenyewe imeandika humo mstari. Jina la ufunguo halikubadilishwa uwezo ulipotangazwa. Linasomeka SuperPrivateScriptingFeatureVisible, na thamani yake ni kweli.